Shule mbili za kimataifa mezani: Cambridge, IB, na hesabu ya ada hadi siku ya cheti

Mzazi anayetafuta shule ya kimataifa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi huanza kwa kuuliza ada ya mwaka. Ofisi ya udahili humpa karatasi yenye namba moja iliyokolezwa wino, naye huibeba namba hiyo kutoka shule hadi shule kama rula. Namba hiyo ndiyo inayompoteza. Haisemi kama chakula cha mchana kimo ndani yake, haisemi itapanda kiasi gani mtoto akifika Mwaka wa 12, na haigusi kabisa suala kubwa kuliko yote: mtoto atatoka pale na cheti gani, na cheti hicho kitapokewa wapi. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia nyuma. Kwanza cheti, kisha fedha zote hadi siku cheti kinapotoka, na mwisho mkataba, maana hapo ndipo wazazi wengi hupigwa.

Bango si mtaala

Tanzania ina shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza zenye neno "International" getini, na wanafunzi wake wanafanya mitihani ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, kama shule nyingine yoyote. Hakuna ubaya. Ada yake ni nafuu, na mtoto akimaliza hahitaji kulinganishiwa cheti. Ubaya ni kulipa bei ya Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, huku unapata NECTA, au kuamini kwamba mtoto anafuata mtaala wa Cambridge kwa sababu tu vitabu vyake vimechapishwa Cambridge.

Njia ya haraka ya kujua ni kuomba namba ya kituo cha mtihani. Kituo cha sekondari cha NECTA huanza na herufi S na tarakimu nne. Cha Cambridge huanza na herufi mbili za nchi, TZ au KE, zikifuatwa na tarakimu tatu. Cha Pearson Edexcel, bodi nyingine ya Uingereza, ni tarakimu tano. Shule ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa usio wa nchi moja) ina namba ya tarakimu sita, na IB yenyewe huweka orodha ya shule zake zote kwenye tovuti yake, kwa hiyo hapo huna haja ya kumwamini mtu wa mapokezi.

Kwa IB kuna mtego wa ziada. Idhini hutolewa kwa kila programu peke yake: PYP ya watoto wadogo, MYP ya katikati, na Diploma ya miaka miwili ya mwisho. Shule inaweza kuwa na PYP tu na bado ikajiita shule ya IB bila kusema uongo. Nyingine ziko kwenye hatua ya kuomba idhini. Shule ya namna hiyo hairuhusiwi kufundisha Diploma mpaka idhini itoke, na tarehe ya kutoka haiko mikononi mwake. Ukiambiwa "tunatarajia mwakani", mtoto akiwa anaingia Mwaka wa 11 sasa hivi, tafuta shule nyingine.

Shule ikikosa namba yake ya Cambridge, watoto watafanya mtihani kama watahiniwa binafsi kupitia kituo kingine, kwa mfano British Council. Inawezekana, ila uliza nani anasajili, nani analipa, na mtoto atafanyia wapi mitihani ya vitendo.

Tukiwa hapo hapo kwenye vitendo, kuna swali moja linalofichua maabara ya shule kuliko ziara yoyote ya kutembezwa: wanafunzi wenu wa IGCSE Kemia (IGCSE ni mitihani ya mwisho wa Mwaka wa 11) hufanya Karatasi ya 5 au ya 6? Karatasi ya 5 ni mtihani wa maabara wenyewe. Mtoto anashika bureti na pipeti, anapima, anaandika alichokiona. Karatasi ya 6 ni mbadala wake: mtoto anakaa darasani na kalamu, anasoma maelezo ya jaribio ambalo hakulifanya na kujibu maswali. Zote mbili zinakubalika na cheti hakioneshi tofauti. Ila kwenye A Level, mitihani ya miaka miwili inayofuata, Karatasi ya 3 ya Fizikia, Kemia na Baiolojia hufanyika maabara na haina mbadala. Mtoto aliyepata A ya Kemia kwa Karatasi ya 6 katika shule isiyo na meza za kutosha za maabara hukutana na bureti kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 17, na huo ndio mwaka alama zake zinapoanza kwenda chuo kikuu.

Njia mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Njia ya Uingereza, iwe ya Cambridge au Edexcel, inambana mtoto polepole. Mwaka wa 10 na wa 11 anasoma masomo saba hadi tisa ya IGCSE. Cambridge kwa kawaida hupanga alama kuanzia A* hadi G. Edexcel hutumia 9 hadi 1. Kisha Mwaka wa 12 na wa 13 anabaki na masomo matatu ya A Level, wachache manne. Anayechukua Fizikia, Hisabati na Hisabati ya Juu hataandika insha nyingine maishani mwake ikiwa hataki.

Diploma ya IB haimruhusu mtoto kukimbia kitu. Anasoma masomo sita kwa miaka miwili, kwa kawaida matatu ngazi ya juu na matatu ngazi ya kawaida, na lazima ndani yake ziwemo lugha mbili, somo la jamii, sayansi na hisabati. Kila somo lina alama 7, jumla 42. Juu yake kuna insha ya utafiti ya maneno 4,000 na somo la Nadharia ya Maarifa, ambazo kwa pamoja hutoa hadi alama 3, na hivyo kilele kuwa 45. Kazi za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii hazina alama, lakini asiyezikamilisha hapati Diploma. Kiwango cha chini ni alama 24, na kuna masharti mengine ya kutoanguka kwenye masomo ya ngazi ya juu. Wastani wa dunia huwa karibu 30.

Wazazi hupenda kusema IB ni ya watoto wenye akili zaidi. Si kweli. IB humlipa mtoto anayejipanga, kwa sababu kazi za ndani za masomo sita huiva kwa wakati mmoja, mwanzoni mwa mwaka wa pili. Mtoto mwenye kipaji kikubwa cha hisabati lakini anayeahirisha kazi zake hadi usiku wa mwisho atang'ara kwenye A Level na kuteseka kwenye IB. Yule ambaye bado hajui kama anataka sheria au uhandisi, na anaandika vizuri, huyo IB inamfaa.

Sasa tofauti inayouma zaidi kwa familia za hapa: udaktari. Vyuo vya Tanzania, Muhimbili kikiwemo, humtaka mwombaji wa shahada ya udaktari awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, katika ngazi ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Mwanafunzi wa A Level anayeshauriwa na mwalimu aliyezoea vyuo vya Uingereza mara nyingi huambiwa achukue Kemia, Baiolojia na Hisabati. Ni ushauri mzuri kwa London, na kwa Dar es Salaam umemfungia mlango. Kwenye IB ni kugumu zaidi: utaratibu wa kawaida unampa mtoto sayansi moja, na ya pili akiacha sanaa. Sayansi ya tatu inahitaji Diploma ya mpangilio maalumu, ambayo shule huiombea ruhusa IB kwa kuonesha kwamba chuo au nchi anayokusudia inadai masomo hayo. Maombi hayo hufanywa kabla masomo hayajaanza, si mwaka wa pili. Kama udaktari wa nyumbani umo kwenye mawazo, mwambie mratibu wa Diploma siku ya usaili.

Kwa njia zote mbili, cheti cha sekondari cha nje hupelekwa NECTA kupata ulinganifu kabla ya kuomba chuo kikuu Tanzania. Hapa kalenda nayo ina neno. Matokeo ya IB ya mitihani ya Mei hutoka mapema Julai. Ya Cambridge ya Juni hutoka katikati ya Agosti. Dirisha la kwanza la udahili wa vyuo kwa kawaida hufunguliwa Julai, kwa hiyo mtoto wa A Level mara nyingi huingia dirisha la pili, wakati kozi zinazogombewa zimeshajaa. Kenya hali ni tofauti: KUCCPS, chombo cha serikali cha kupanga wanafunzi vyuoni, hupanga nafasi kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na mwenye A Level au IB huomba chuoni mwenyewe na kujilipia. Familia inayohesabu ruzuku ya serikali kwenye chuo kikuu ijue hilo kabla ya kuondoka kwenye mtaala wa taifa.

Kiswahili hakipotei kama wengi wanavyohofu. IGCSE ya Cambridge ina mtihani wa Kiswahili. Diploma ya IB inacho kama lugha ya kujifunza na pia kama fasihi kwa anayekimiliki. Mtoto anayefanya fasihi ya Kiswahili na ya Kiingereza, akafaulu zote, hupata Diploma ya lugha mbili. Tatizo ni mwalimu. Shule nyingi huorodhesha somo kisha hulifuta wakijiandikisha wanafunzi wawili tu. Uliza ni wangapi wanalisoma sasa hivi.

Mtaala wa Marekani ni wa shule chache eneo hili, International School of Kenya ikiwa maarufu kati yake, nayo hutoa pia Diploma ya IB. Kwa mtaala huo, cheti cha kumaliza shule peke yake hakitoshi kwa vyuo vingi nje ya Marekani. Mtoto anahitaji mitihani ya AP (ya Marekani, ya ngazi ya chuo) au Diploma ya IB juu yake.

Kosa dogo la darasa

Mwaka wa 1 wa Kiingereza ni mtoto wa miaka mitano anayeelekea sita. Gredi ya 1 ya Marekani na ya shule nyingi za IB ni wa miaka sita anayeelekea saba. Kwa hiyo Mwaka wa 7 ni sawa na Gredi ya 6, Mwaka wa 11 ni Gredi ya 10, Mwaka wa 13 ni Gredi ya 12. Mtoto aliyemaliza Gredi ya 6 akiandikishwa Mwaka wa 7 kwa kuwa "saba inafuata sita", amerudia darasa, na mzazi amelipa mwaka mzima wa ada ambao haukuhitajika. Linganisha kwa tarehe ya kuzaliwa na muulize mwalimu mkuu, si mtu wa fomu.

Milango ya kuingia bila maumivu ni mitatu: Mwaka wa 7, wa 10 na wa 12. Kuhama katikati ya Mwaka wa 10 na 11 kutoka Cambridge kwenda Edexcel kunamwachia mtoto silabasi mbili nusunusu. Kuhama baada ya mwaka wa kwanza wa Diploma ni kugumu zaidi, kwani shule mpya lazima iwe na masomo yale yale sita kwa ngazi zile zile.

Kurudi NECTA ndiyo safari ngumu kuliko zote, na watu huigundua fedha zinapokatika. Kuingia kidato cha tatu kunapitia mtihani wa kidato cha pili, ambao mtoto wa Mwaka wa 10 hakuufanya. Akitaka kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi, atatakiwa kwanza kupita mtihani wa maarifa, QT. Na Kiswahili huko ni lazima. Ndiyo sababu inashauriwa kutomwingiza mtoto Mwaka wa 10 bila kuwa na uhakika wa ada hadi angalau mwisho wa Mwaka wa 11, anapopata IGCSE. Cheti hicho ni kituo. Katikati yake ni porini.

Hesabu yenyewe

Tuchukue shule mbili za kubuni, A ya Cambridge na B ya IB, na mtoto anayeingia Mwaka wa 10 au Gredi ya 9, atakayekaa miaka minne. Takwimu ni za kuonesha njia, kwa shilingi za Tanzania. Shule ghali za Dar na Nairobi hupita dola 20,000 kwa mwaka kwenye madarasa ya juu, kwa hiyo weka namba zako mwenyewe.

| | Shule A | Shule B |
|---|---|---|
| Fomu na usajili, mara moja | 2,150,000 | 250,000 |
| Mchango wa majengo | 1,500,000 kila mwaka | 6,000,000 mara moja |
| Ada, miaka miwili ya kwanza | 9,000,000 × mihula 3 | 17,000,000 × mihula 2 |
| Ada, miaka miwili ya mwisho | 11,000,000 × mihula 3 | 19,000,000 × mihula 2 |
| Chakula cha mchana kwa mwaka | 2,550,000 | kimo |
| Basi kwa mwaka | 3,300,000 | 3,000,000 |
| Vitabu na kompyuta kwa mwaka | 900,000 | vimo |
| Mitihani, miaka yote | 4,600,000 | imo |
| Jumla ya miaka minne | 159,750,000 | 162,250,000 |

Kwenye karatasi ya mapokezi, A ni milioni 27 na B ni milioni 34. Tofauti ya milioni saba kila mwaka. Ukifika mwisho, tofauti yote ya miaka minne ni milioni mbili na nusu. Lakini geuza upande wa pili: baba akihamishwa kikazi baada ya mwaka mmoja, A imemgharimu 37,400,000 na B 43,250,000, hasa kwa sababu mchango wa majengo wa B umelipwa wote na haurudi. Familia yenye mkataba wa kazi wa mwaka mmoja au miwili ichague shule inayotoza majengo kidogo kidogo. Inayokaa zaidi ya miaka minne ipendelee ya mara moja.

Jedwali halijaweka ongezeko la kila mwaka, nalo si dogo. Ada ya milioni 27 ikipanda asilimia 6 kila mwaka, mwaka wa nne ni karibu milioni 32.16, hata kabla ya kuruka daraja la Mwaka wa 12. Omba ratiba za ada za miaka mitatu iliyopita. Shule iliyozoea kupandisha kwa mpangilio itakupa bila kusita.

Mistari ambayo haimo kwenye ratiba iliyochapishwa, na inayofaa kuulizwa kwa jina, ni hii. Masomo ya nyongeza ya Kiingereza kwa mtoto ambaye bado hakimudu: shule nyingi hutoza kando kwa muhula, na huamua baada ya mtihani wa kuingia, wakati umeshalipa usajili. Msaidizi binafsi kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu ya kujifunza, ambaye mara nyingi mzazi ndiye humlipa mshahara. Safari za shule: muulize mhasibu zipi ni za hiari na zipi ni sehemu ya somo, ya Jiografia huwa sehemu ya somo. Na adhabu ya kuchelewa kulipa, ambayo ikitozwa kwa asilimia ya kila mwezi huzidi riba ya benki.

Mitihani ya Cambridge hutozwa kwa kila somo, na kituo huongeza gharama zake za usimamizi. Ukichelewa kusajili kuna faini, na ni kubwa kiasi cha kufanya somo moja lionekane mawili. Mtihani wa Juni kwa kawaida husajiliwa Februari, hivyo bili yake huangukia karibu na ada ya muhula wa Januari. Weka fedha hiyo pembeni tangu Septemba.

Punguzo la ndugu husomeka tamu. Angalia mambo mawili: linahusu ada ya masomo tu au bili nzima, na linampata mtoto yupi. Asilimia 10 ya mtoto mdogo wa chekechea ni pesa ya mafuta. Ya yule wa Mwaka wa 12 ni pesa ya maana.

Kuhusu punguzo la kulipa mwaka mzima mara moja, piga hesabu badala ya kufurahi. Shule A ikitoa asilimia 3, unaokoa 810,000. Kwa upande wa pili, umetoa milioni 9 miezi minne kabla ya wakati wake na milioni 9 nyingine miezi saba kabla. Fedha hizo kwenye amana ya muda maalumu kwa asilimia 8 kwa mwaka zingeleta 240,000 na 420,000, jumla 660,000. Kwa hiyo mwenye akiba alipe. Anayekopa kwa asilimia 16 ili apate punguzo atalipa riba ya 1,320,000 kupata 810,000. Na kabla ya yote, soma kama fedha ya mihula ambayo mtoto hakuisoma hurudishwa.

Dola iliyojificha ndani ya shilingi

Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutangaza bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi. Ratiba za ada sasa ni za shilingi. Hilo halimaanishi kwamba dola imeondoka chumbani. Mishahara ya walimu wa kigeni na ada za bodi za mitihani bado huifuata. Uliza swali moja: ada hii ya shilingi imefungwa kwa mwaka mzima, au hupangwa upya kila muhula? Ada iliyokuwa dola 10,000 ni milioni 25 dola ikiwa 2,500 na milioni 27 ikiwa 2,700. Kenya waliionja vibaya zaidi: mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 123, Januari 2024 ikapita 160, na katikati ya mwaka huo ikarudi karibu 130. Aliyelipa mwaka mzima Januari 2024 kwa kiwango cha siku alijuta kufikia Juni.

Ndugu walioko Oman, Uingereza au Marekani wanaotuma ada moja kwa moja benki wachague mtumaji abebe gharama zote. Vinginevyo benki za katikati hukata dola kadhaa njiani, shule hupokea pungufu, na mfumo wake humwandika mtoto kuwa mdaiwa kwa kiasi kisichofika ada ya siku moja. Namba ya mwanafunzi na ya ankara ziandikwe kwenye maelezo ya malipo. Jina la mtumaji halimsaidii mhasibu kitu.

Na kama wazo ni kumpeleka mtoto bweni Uingereza badala ya hapa, kumbuka kwamba tangu 1 Januari 2025 ada za shule binafsi huko zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 20.

Kwa asiyeweza bili hizi lakini ana mtoto hodari, njia si kuomba punguzo. UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, iko kwenye mtandao wa shule za UWC duniani ambao wanafunzi wake wa Diploma huchaguliwa na kamati za kitaifa, na nafasi nyingi huja na ufadhili kwa kadiri ya uwezo wa familia. Aga Khan Academy ya Mombasa nayo hutoa msaada wa ada kwa kuangalia kipato. Maombi huanza karibu mwaka mzima kabla.

Matokeo yanavyotangazwa

"Asilimia 100 walipata A* hadi C" ni sentensi isiyo na maana mpaka ujue ni wangapi. Omba namba mbili: walioingia Mwaka wa 10 walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani mwisho wa Mwaka wa 11 wangapi. Shule iliyoanza na 24 ikasajili 15 imechuja. Kwa A Level na IB uliza somo ambalo mtoto wako atalichukua, kwa jina, na mwalimu wake amekaa hapo miaka mingapi. Pia tofautisha uanachama na ithibati: shule inaweza kuwa mwanachama wa Council of International Schools, chama cha shule za kimataifa, bila kuwa imekaguliwa na kupewa ithibati nayo. Nembo kwenye kipeperushi ni ile ile machoni pa mzazi.

Kipengele cha notisi

Mikataba mingi ya mtindo wa Kiingereza hudai notisi ya muhula mmoja kamili. Maneno ni mepesi, hesabu yake si nyepesi. Chukua shule A: muhula wa kwanza umeanza 1 Septemba, wa pili unaanza 6 Januari. Mzazi anaandika barua 15 Oktoba kwamba mtoto hatarudi Januari. Kwa kichwa chake ametoa karibu miezi mitatu. Kwa mkataba, muhula kamili huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya muhula unaofuata barua, kwa hiyo muhula wa Januari wote ni wa notisi, na anadaiwa milioni 9 za muhula ambao mtoto hatakanyaga darasani. Amana aliyoweka siku ya kwanza, tuseme milioni 3 (haimo kwenye jedwali), inachukuliwa, zinabaki 6, na ripoti za mtoto pamoja na barua ya uhamisho zinakaa kwa mhasibu mpaka alipe. Ili aondoke salama Desemba, barua ilipaswa kufika kabla ya 1 Septemba.

Kwa hiyo mwenye wasiwasi wowote wa kuhama apeleke notisi ya tahadhari mapema, kama mkataba unairuhusu, na kuifuta baadaye akibaki. Iwe barua, si ujumbe wa simu kwa mwalimu wa darasa. Ichapishwe nakala mbili, mapokezi wagonge muhuri wa tarehe kwenye zote, na moja irudi nyumbani kwenye faili pamoja na risiti ya amana ya siku ya kwanza.